Msiikatie Al-Inkishafi kwenye magofu

Mhariri,

Ramadhani inapokaribia, kurasa za dini na utamaduni katika magazeti yetu hupenda kuchapisha beti nne au tano za Al-Inkishafi, shairi la kale la Kiswahili. Karibu kila mara ni zilezile: za popo, bundi, mende na nyumba tupu za Pate, mji wa kale karibu na Lamu. Juu yake huwekwa picha ya gofu, na chini maelezo mafupi kwamba mtunzi wake, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alikuwa akiulilia mji wake ulioanguka. Baadhi ya vitabu vya shule hufuata mkondo huohuo, na mwanafunzi hutoka darasani akiamini kwamba amesoma maombolezo ya mji. Naomba ukurasa wako uiache desturi hiyo. Beti za magofu zikikatwa pale zinapokatwa, linalobaki mkononi ni shairi jingine ambalo Sayyid Abdallah hakulitunga.

Al-Inkishafi ina beti zisizofika 80, na beti za magofu hazifiki robo yake. Beti kama kumi za mwanzo ni bismillahi, hamdu, sala kwa Mtume na nia ya mtunzi. Kisha anamgeukia anayetaka kusema naye, na huyo si mtu wa Pate wala si msomaji wa gazeti. Ni moyo wake mwenyewe:

Moyo wangu nini huitabiri
twambe u mwelevu wa kukhitari
huyui dunia ina ghururi
ndia za tatasi huzandamaye?

Anauliza: moyo wangu, mbona hujizingatii? Tuseme wewe ni mwerevu wa kuchagua. Hujui kwamba dunia ina hadaa? Mbona unaziandama njia za utata? Kuanzia hapo shauri ni kati ya mtu na moyo wake. Moyo unaulizwa, unaonyeshwa, unatishwa, unakemewa. Hata katika beti zile mashuhuri za nyumba tupu, moyo ndio unaoambiwa nenda ukatazame.

Baada ya swali inakuja mifano ya dunia, mmoja juu ya mwingine bila kupumzika. Dunia ni bahari iliyochafuka, yenye matumbawe, na anayeipanda hapati ila hasara. Dunia ni mzoga ambao mbwa ndio waupendao. Kisha huu, ambao kwa maoni yangu ndio mkali kuliko yote:

Ni kama kisima kisicho ombe
chenye mta-paa mwana wa ng'ombe
endao kwegema humta pembe
asipate katu kunwa maiye

Kila anayekaribia kisima hiki hupigwa pembe, na maji hayanywi. Tazama kwamba moyo haujaambiwa kuwa kiu ni dhambi. Umeambiwa kwamba kisima hiki hakinyweshi mtu. Hiyo ni hoja ya mtu anayezungumza na mfanyabiashara: hii bidhaa hailipi.

Ndipo tunaingizwa Pate. Kabla ya magofu tunaonyeshwa mji ukiwa hai, na hili ndilo kosa la kwanza la wanaokata. Wanatupa giza bila kwanza kutupa taa. Ubeti wa taa ni huu:

Nyumba zao mbake zikinawiri
kwa taa za kowa na za sufuri
masiku yakele kama nahari
haiba na jaha iwazingiye

Taa za bilauri na za shaba, usiku ukawa kama mchana, uzuri na heshima vimewazunguka. Beti kadhaa baadaye, baada ya watu hao kufungwa "pingu za mauti", mstari uleule unarudi:

Nyumba zao mbake ziwele tame
makinda ya popo iyu wengeme
husikii hisi wala ukeme
zitanda matandu walitandiye

Kila mshororo una mizani, yaani silabi, 11, umekatwa 6 na 5. Nyu-mba-za-o-mba-ke, pumzi, zi-ki-na-wi-ri. Mara ya pili mizani sita za kwanza ni zilezile, hazikuguswa hata herufi moja. Msikilizaji aliyekwisha kusikia ubeti wa taa anatarajia taa tena, na katika zile tano zilizobaki anapewa ziwele tame, yaani zimekuwa mahame. Mshtuko wote umo katika kile kipande kifupi cha pili. Atakayekutana na ubeti wa pili peke yake gazetini ataambulia habari ya popo tu, maana hakuna alichokuwa akikitarajia.

Jozi nyingine ni ya vyombo. Katika mji ulio hai tunaambiwa "wapambiye sini ya kuteuwa, na kulla kikombe kinakishiwa": wamepamba kwa vyombo vya Kichina vilivyochaguliwa, na kila kikombe kina nakshi. Katika mji uliokufa:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni
bumu hukoroma kati nyumbani
zisiji na koti waikaliye

Madaka haya anayajua kila aliyeingia nyumba ya kale ya Lamu, Pate au Siyu. Ni yale matundu ya ukutani yaliyopangwa safu juu ya safu na kuchongwa kwa chokaa, hasa katika chumba cha ndani kabisa, ambamo sahani na bakuli zilisimamishwa ili zionekane. Upana wa vyumba hivyo ni kama mita 2 na nusu hadi 3 tu, kwa sababu dari hukaa juu ya boriti za mikoko na boriti ndefu zaidi hupinda. Mwenye mali asiyeweza kupanua chumba aliutajirisha ukuta. Kwa hiyo ndege alalapo ndani ya daka, amelala pale palipokuwa na fahari kuu ya nyumba, mahali palipotengwa kwa kutazamwa na wageni. Mtunzi hakuokota gofu lolote lililo mbele yake; aliifuata nyumba chumba kwa chumba, kwa mpangilio uleule aliousifia.

Ukisoma kwa utulivu utaona pia kwamba uharibifu una hatua. Popo wanahitaji kitu cha kuning'inia, kwa hiyo hapo dari bado ipo. Vitanda vingali mahali pake, vimetandwa na utando wa buibui badala ya matandiko. Baadaye ndipo viwanja vya nyumba vinapokuwa mwitu, "ziwanda za nyumba ziwele mwitu", na milango inawatisha watu kwa giza. Ndivyo nyumba ya matumbawe na chokaa inavyokufa kweli: boriti huoza kwanza, dari huanguka, mvua huingia kwenye kuta kutoka juu, na miti hushika mizizi katika kifusi. Anayechagua ubeti mmoja wa popo na mmoja wa mwitu na kuviweka pamoja amefuta miaka iliyo katikati.

Halafu unakuja ubeti ambao magazeti huuruka, nao ndio unaotuambia magofu yameletwa kwa kazi gani. Mtunzi anauambia moyo kwamba ukiwa husadiki, ukidhani ninasema uongo:

enda nyumba zao uzinge shingo
ukita hwitikwi ila ni mwango
sauti ya mtu itindishiye

Nenda, geuza shingo utazame, ita. Hutaitikiwa ila na mwangwi, sauti ya mwanadamu imekatika. Haya ni maneno ya mahakamani. Moyo umekana, na nyumba zimeletwa kuwa ushahidi. Ukiondoa swali la mwanzo na ukiondoa ubeti huu, ushahidi unabaki bila kesi, na msomaji hana la kufanya nao ila kuhuzunika kidogo na kufungua ukurasa wa michezo.

Kosa la pili ni la historia. Watu husema, na mimbarini pia husemwa, kwamba Al-Inkishafi inaeleza jinsi Pate ilivyoanguka kwa sababu ya anasa. Shairi halisemi hivyo. Mtunzi anakadiriwa kuishi kati ya 1720 na 1820, maana yake aliziona nguvu za Pate na pia mwanzo wa kuporomoka kwake. Katika zama hizo kulikuwa na mizozo ya kugombea kiti cha Wanabahani, ukoo uliotawala Pate, na yapata 1812 jeshi la Pate na Mazrui wa Mombasa lilishindwa vibaya na watu wa Lamu ufukweni Shela. Lamu ikatafuta ulinzi kwa Seyyid Said wa Oman, na biashara ikahama nayo. Mji wa Pate wenyewe haukuwa na bandari ya kina. Vyombo husubiri maji yajae ndipo viufikie. Hizo ndizo sababu anazozitaja mwanahistoria. Katika Al-Inkishafi hakuna vita, hakuna Lamu, hakuna Oman, hakuna bandari. Kilichoziondoa nyumba watu ni kimoja, mauti, ambayo ingewachukua hata kama Pate ingeshinda Shela na kutawala pwani yote. Ndiyo maana mtunzi anawataja makadhi waliohukumu kwa haki pamoja na mabwana na mawaziri wenye vikosi, na anawaita hata watu wa ukoo wake kwa majina akiuliza wako wapi. Hawa hawakuwa walevi wa anasa. Wamekufa tu. Hoja inaubana moyo wa mtu mwema sawasawa na wa fisadi, na mimbari inayoifanya kisa cha watu wabaya wa zamani inamwachia msikilizaji mlango wa kutorokea.

Kosa la tatu ni kukoma kabla ya moto. Sehemu ya mwisho ya shairi inashuka katika majina ya jahanamu yanayojulikana katika Kurani: Jahimu, Hawiya, Ladha, Hutama. Wahariri huona sehemu hii haipendezi kwa wasomaji wa siku hizi, na nawaelewa. Lakini fungueni sura ya 104, Al-Humaza. Hutama hapo ni ya nani? Ni ya yule aliyekusanya mali na kuihesabu, akidhani mali yake itambakisha milele. Basi mtunzi anapofika Hutama na kuueleza moto unaovunja mifupa, msikilizaji wake aliyeihifadhi sura hiyo tangu chuo cha Kurani anarudishwa moja kwa moja kwenye sini, taa na madaka. Hesabu iliyofunguliwa Pate inafungwa huko. Na shairi haliendi peponi baada ya hapo. Wapo wanaoona kwamba halikumalizika. Kwangu mimi linakoma panapostahili, kwa kuwa anayesemezwa bado hajajibu.

Mpangilio huu una asili yake. Mwanachuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058 na kufa 1111, aliigawa kazi yake kubwa, Ihya' Ulum al-Din, katika vitabu 40. Cha 38 kinahusu kuichunga nafsi na kuihesabu. Cha 39 ni tafakuri. Cha 40, cha mwisho, ni kukumbuka mauti na yanayofuata. Lipangeni Al-Inkishafi kando ya vitabu hivyo vitatu: moyo unahesabiwa, unatafakarishwa, unapelekwa kaburini na ng'ambo yake. Masharifu wa asili ya Hadhramaut waliokaa Pate na Lamu walikuja na njia ya kisufi ya Alawiyya, na katika njia hiyo Ihya' husomwa na kurudiwa kizazi hadi kizazi. Sayyid Abdallah alikuwa sharifu wa watu hao.

Katika kitabu cha 38 Ghazali anatoa hatua sita, na anazieleza kwa mfano wa mwenye mtaji na mshirika wake wa biashara. Akili ndiyo mwenye mtaji, nafsi ndiyo mshirika asiyeaminika. Kwanza ni musharata: baada ya sala ya alfajiri mtu atenge muda aiwekee nafsi masharti, kama anavyokabidhiwa mshirika mali. Pili muraqaba: aisimamie kazini, maana mshirika akiachwa peke yake huiba. Tatu muhasaba: mwisho wa siku wafunge vitabu, ambapo faradhi ni mtaji, sunna ni faida, maasi ni hasara. Nne mu'aqaba, nafsi iliyopunguza mali iadhibiwe. Tano mujahada, iongezewe mzigo wa ibada. Sita mu'ataba, ikemewe na kulaumiwa ana kwa ana. Katika hatua hiyo ya sita Ghazali anaacha kufundisha na kuanza kuita "ewe nafsi", kurasa kwa kurasa, akiiambia kwamba inadai hekima na werevu ilhali haizidiwi ujinga na yeyote. Rudini kwenye "twambe u mwelevu wa kukhitari" mtaisikia sauti ileile ikisema Kiamu, lahaja ya Lamu.

Wengi huichukua hatua ya sita na kuziacha tano. Anayeanza kwa kujikemea kabla hajahesabu chochote hapati ila simanzi isiyo na anwani. Hajui amelaumiwa kwa lipi, kesho yake anarudi alikokuwa. Na anayehesabu bila kukumbuka mauti huishia kuzipenda hesabu zenyewe, akajivunia daftari lake. Sayyid Abdallah alijua ugonjwa wa kwanza, ndiyo maana kila lawama katika shairi lake imefungamana na kitu kinachoshikika: taa ya aina gani, sahani katika daka lipi, nani na nani wamekwenda.

Ghazali mwenyewe ni kielelezo cha jinsi tunavyopenda kukata habari za watu walioamka. Husimuliwa kwamba mwaka 1095, akiwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad, ulimi ulifungika mbele ya wanafunzi, akaacha yote akaondoka. Kwa maelezo yake mwenyewe, alivutwa huku na huku karibu miezi sita kabla ulimi haujafungika, leo ameazimia, kesho ameghairi. Alipoondoka aligawa mali na kubakiza ya kuwatosha watoto. Na mwaka 1106 alirudi tena kufundisha, Nishapur. Habari ya ulimi ni nzuri kwa hotuba. Habari ya miezi sita na ya posho ya watoto ndiyo inayomfaa mtu anayetaka kubadilika huku ana familia.

Wasomaji wako Wakristo watatambua jambo hilohilo katika uamsho wa Balokole, yaani waliookoka, uliotokea kwetu hapa Afrika Mashariki na ukapita kwa Kiswahili pia. Waandishi huanza na mkutano wa Namirembe wa Septemba 1929, ambapo daktari Joe Church na Simeoni Nsibambi waliomba na kusoma Biblia pamoja, kisha wanaruka hadi Gahini, Rwanda, Desemba 1933, watu walipoangua kilio na kuungama. Vilio vimeandikwa sana. Kilichowashangaza majirani wa wakati huo kilikuwa kingine: watu walirudisha vitu. Aliyeiba dawa au shuka hospitalini alizirudisha, mwenye deni alilipa, aliyemchukia mwenzake alimwendea akamtaja kosa kwa jina. Toba iliyosema "nimekosa mengi" haikukubaliwa kirahisi katika ushirika. Ilitakiwa ieleze kosa gani na nani alidhurika. Hapo ndipo nguvu yao ilipokuwa na hapohapo ndipo palipoharibika. Toba ya hadharani ikishakuwa desturi ya kila wiki, wengine huanza kuungama ili wasikilizwe, au kuungama makosa ya wenzao. Ukali huo uliwagonganisha na wakubwa pia: mwaka 1941 wanafunzi 26, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa katika chuo cha Bishop Tucker, Mukono. Historia ya uamsho inayoishia kwenye machozi ya Gahini ni sawa na Al-Inkishafi inayoishia kwenye popo.

Sasa niseme yanayohusu uchapaji, kwa kuwa mengi yanaweza kurekebishwa mezani pako kwa nusu saa.

Msibadilishe maneno ya Kiamu kuwa Kiswahili sanifu ndani ya mshororo. Nimeona "ziwele tame" ikigeuzwa "zimekuwa mahame". Maana ni sahihi, lakini mizani tano zimekuwa saba, kipande cha pili kimekuwa kirefu kuliko cha kwanza, na msomaji anajikwaa mahali ambapo angepigwa na butwaa. Tena kila ubeti katika shairi hili unafungwa kwa -ye. Ukiandika "wamelalia" mahali pa "walaliye" idadi inaweza kukaribiana, lakini katika mshororo wa nne mabadiliko ya namna hiyo yanakata uzi unaoshona shairi zima. Maelezo yawekwe pembeni au chini.

Pembeni hapo yanatosha mambo machache. Zi- ya Kiamu mara nyingi ni vi- ya sanifu: zisahani, zitanda, ziwanda. Nti ni nchi, ndia ni njia, iyu ni juu. Na lililo kubwa kuliko yote, miisho ya -ile na -iye ni wakati timilifu: ziwele ni zimekuwa, iwazingiye ni imewazunguka, wapambiye ni wamepamba. Wanafunzi huiona "li" katika walaliye wakadhani ni wakati uliopita, wakatafsiri "walilala". Hiyo "li" ni sehemu ya kitenzi lalia. Tofauti si ya mitihani tu: "walilala" inawafanya ndege kuwa jambo la zamani, wakati mtunzi anasema wamelalia, wamo humo sasa hivi, nenda ukawaone.

Msiuite utenzi katika maelezo kisha mkawaambia wanafunzi kwamba utenzi una mizani 8. Hii ni bahari nyingine, yaani aina nyingine ya shairi, na mtoto anayehesabu kwa vidole atagundua kabla ya mhariri. Njia rahisi ya kuonyesha mkato ni kuacha nafasi pana kidogo baada ya mizani ya sita. Katika kusoma kwa sauti, msomaji apumzike hapo kidogo na apumzike zaidi baada ya -ye.

Tajeni pia mmetoa maandishi kwenye chapa ipi. Shairi lilihifadhiwa kwa hati za Kiarabu na kwa vifua vya watu. Hati ya zamani haikutofautisha e na i, wala o na u, na aghalabu iliandika mb kama b na nd kama d, kwa hiyo anayeihamishia katika herufi za Kirumi anafanya uamuzi katika karibu kila neno. William Hichens aliyelichapisha London mwaka 1939 aliegemea sana kazi ya Muhammad Kijuma, mwandishi na mchoraji wa hati wa Lamu, ambaye jina lake halionekani kamwe katika kurasa zetu. M. M. Mulokozi alilileta tena kwa wasomaji wa Afrika Mashariki katika Tenzi Tatu za Kale, Dar es Salaam, 1999. Maneno hutofautiana kati ya chapa na chapa, na msomaji aliyehifadhi moja atawaandikia barua akidhani mmekosea.

Kama nafasi ni ya beti sita tu, pendekezo langu ni hili: Moyo wangu nini huitabiri; ubeti wa kisima; Nyumba zao mbake zikinawiri; Nyumba zao mbake ziwele tame; ubeti wa enda nyumba zao; na mmoja wa Hutama. Zifuatane hivyo hivyo. Madaka nayapenda mno, lakini katika sita hayaingii.

Na picha: gofu linalowekwa mara nyingi juu ya beti hizi ni la Gede, karibu na Malindi, kwa sababu ndilo lenye picha nyingi za kitalii. Gede ilihamwa mnamo karne ya 17, kabla Sayyid Abdallah hajazaliwa, na hakuitaja. Pate ipo, inafikika kwa chombo kutoka Lamu, na watu wake wanalima tumbaku katikati ya kuta zilezile.

Wako,
Mwalimu wa fasihi ya Kiswahili,
Lamu